Wajina Wawili na Karatasi Namba Moja

Kwenye daftari langu kuna neno moja nimelikata mara mbili. Kwanza niliandika "kidogo". Nikalikata, nikaandika "dakika chache". Nalo nikalikata, maana siku ile sikuwa na saa na simu yangu ilikuwa imezima, sasa hizo dakika nilizihesabu kwa kitu gani? Nimeacha nafasi wazi. Nitaeleza yote, na anayesoma ataijaza mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba hapa hapa Sindeni, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu siku moja tu, siku aliyokuwa na haraka. Lakini nimezoea kuandika mambo ya nyumbani: mvua imenyesha lini, kuku ametotoa vifaranga wangapi, nani alikuja kututazama. Kuna mambo ukiyaacha kichwani yanajipamba yenyewe. Kwenye karatasi angalau yanakaa kama ulivyoyaweka.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye jina. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa baba. Mimi ni mke wa pili. Mke mwenzangu, ambaye namwita dada kwa kuwa amenitangulia kwa umri na kwa nyumba, alijifungua binti akampa jina la mama mkwe wetu. Miezi mitatu baadaye nikajifungua mimi, binti pia, wa kwanza kwangu. Mume wetu alisema, "Mpe jina la mama yako wewe, litapendeza." Nikakataa. Nilisema huyu naye ni wa kwanza, kwa nini akose? Hapo sitasingizia mila. Mila ingenivumilia hata ningechagua jina jingine. Ulikuwa wivu. Nilitaka mama mkwe awe na wajina wake nyumbani kwangu pia.

Dada hakugomba. Alisema tu, "Chukua, mdogo wangu. Jina halipungui." Mpaka leo sijui kama alisema kwa moyo mweupe au kwa kuchoka.

Mama mkwe mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Mnaligombania jina langu kama viatu vya mnadani," alisema. "Na mimi nilipokuwa mdogo sikulipenda hata kidogo!"

Basi tukawa na wasichana wawili wenye jina moja, jina la baba lile lile, na la babu lile lile. Nyumba ya dada iko juu, karibu na barabara. Yangu iko chini, mihogo inapoanzia. Kwa hiyo mmoja tukamwita wa Juu na mwingine wa Chini, na nyumbani hakuna aliyewahi kuwachanganya. Hata kwa tabia walikuwa mbali. Wangu, wa Chini, ana sauti. Akijikwaa, jirani wa tatu anajua. Wa Juu ni mpole, ukimwambia kaa, anakaa mpaka utakapomkumbuka. Nilikuwa namsifu sana kwa adabu yake.

Mwaka huo walikuwa na miaka sita. Masika yalikuwa yanaishia, mahindi yametoa ndevu. Dada alikuwa amekwenda Kwamndolwa, kule Korogwe, kumuuguza mama yake aliyeteleza akavunjika mguu, akamwacha wa Juu kwangu. Mume wetu alikuwa akishinda shamba la mbali, analinda mahindi yasiliwe na ngedere. Ijumaa moja asubuhi wasichana wote wawili wakaamka na homa.

Wangu alitapika, akatetemeka, akalia. "Mama, nakufa! Mwambie bibi nakufa!"

Mama mkwe akamjibu kutoka kibarazani, "Subiri ufue lile gauni lako kwanza, wajina. Mimi jina langu halizikwi na nguo chafu."

Wa Juu alikaa kwenye mkeka, macho mekundu. Aliomba maji. Nikampa, na kipande cha muhogo, akakitafuna polepole akakimaliza. Nikasema moyoni, huyu afadhali.

Nikawapakia wote wawili kwenye bodaboda, mmoja mbele yangu na mmoja mgongoni kwa kanga, tukaenda kituo cha afya. Aliyekuwa mgongoni ni wangu. Hilo nalo naliandika, kwa sababu mgongoni ndiko unakombeba aliyezidiwa.

Mapokezi tulimkuta baba mmoja wa makamo, mcheshi. Nikamsalimu shikamoo, akaitika, akaniuliza jina la mtoto wa kwanza. Nikamtajia majina matatu. Akauliza la wa pili. Nikamtajia.

Akaweka kalamu chini. "Mama, huyo umeshanitajia."

"Huyo ni mwingine."

"Mapacha?"

"Hapana. Huyu wangu, huyu wa mke mwenzangu."

"Na mkawapa jina moja?"

"La bibi yao."

"Huyo bibi lazima ana ng'ombe wengi," akasema, na watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka. "Haya, umri?"

"Sita."

"Na huyu?"

"Sita."

Akatikisa kichwa. Kwenye kona ya karatasi moja akaandika 1 akazungushia duara, na nyingine 2. "Nani awe wa kwanza?" Wangu ndiye aliyekuwa ananing'ang'ania shingoni analia, nikasema, "Huyu." Kwa hiyo namba moja ikawa wa Chini. Yule baba alifanya kazi yake sawasawa, kuliko ambavyo wengi wangefanya.

Maabara kulikuwa na dada mmoja peke yake, na benchi limejaa mpaka nje. Mezani alikuwa na vifaa vyake na kimashine kidogo ambacho nilidhani ni simu ya tochi. Nilipomuuliza, alinieleza bila kuniona mjinga. Alisema tone la kwanza la damu linaangalia malaria, la pili linaangalia wingi wa damu, la tatu sukari. La nne ni la kile kimashine.

"Hiki hakituambii mtoto anaumwa nini," alisema. "Hayo mengine yameshatuambia. Hiki kinatuambia ugonjwa unaelekea wapi. Mwili ukianza kushindwa, damu inajaa asidi, na mtoto anaweza kuwa bado anacheza. Namba ikiwa chini, tunampa dawa ya mseto anakwenda nyumbani. Ikiwa juu, hatusubiri."

Nikamwelewa. Nasema hivi ili nisije nikajitetea kwamba sikuelewa.

Akamwita namba moja. Nikamsogeza wangu. Alipoona kile kisindano alijirusha nyuma, akapiga kelele, akampiga teke yule dada tumboni. Dada wa maabara akarudi nyuma, akapumua. "Huyu tumpumzishe. Lete yule mpole kwanza."

Wa Juu akasogea mwenyewe, akatoa kidole kama anavyotoa mkono kusalimia wakubwa. Hakulia. Karatasi ya juu mezani, iliyokuwa imebanwa na boksi la glavu, ilikuwa na duara la moja. Niliiona. Niliiona kama mtu anavyoona nzi ukutani. Kisha ikaja zamu ya wangu, tukamshika watu wawili, matone yakapatikana, na majibu yake yakaandikwa kwenye karatasi ya pili.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alisoma majibu akiwa amesimama. Wote wana malaria. Namba mbili mengine yako salama, apewe dawa ya kunywa. Namba moja damu imepungua, sukari imeshuka na ile namba ya asidi iko juu, huyu aende Korogwe hospitali leo hii, gari la wagonjwa liko njiani linarudi, litampitia. "Namba moja ni yupi?"

Nikamwinua wangu. Alikuwa analia, anatetemeka, ametapikia kanga yangu. Daktari akamwangalia, akaangalia karatasi, na vitu viwili vikakubaliana. Ungekuwa wewe ungesema nini? Wakamlaza, wakamwekea sindano ya mkononi, wakampa dawa ya kwanza ya mshipani na maji ya sukari. Wa Juu akapewa vidonge vyake, akanywa kimoja bila kushurutishwa, akarudi kukaa kwenye benchi la ukutani.

Nilikuwa nimekaa katikati yao, mkono mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule, tukingoja gari. Wa Juu akaegemea bega langu. Akasema taratibu sana, "Mama mdogo, mimi nilichomwa wa kwanza. Na sikulia. Utamwambia bibi?"

Nikasema, "Nitamwambia."

Halafu ndipo lile duara likanirudia. Lilirudi lote, na boksi la glavu, na kidole chake kidogo juu ya karatasi yenye namba ya mwanangu.

Hapa ndipo ilipo ile nafasi wazi kwenye daftari. Nilijua, na nikanyamaza.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwa nini, na kila nikijaribu napata sababu mpya, jambo ambalo linanifanya nizitilie shaka zote. Nilijiambia mimi ni mkulima wa darasa la saba, nitamfundishaje mtu wa maabara kazi yake? Labda alizibadilisha karatasi mimi nikiwa naangalia pembeni. Hiyo ni sababu ya heshima. Kuna nyingine. Mwanangu alikuwa amelala kitandani, ametulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, dawa inaingia, gari linakuja. Nikisema, watamtoa. Na ipo ya tatu, ambayo sijui kama ni kweli au nimeitunga baadaye kwa kujichukia: kwamba kwa mara hiyo moja jina lile lilikuwa limemletea wa Chini kitu kabla ya wa Juu.

Sina kipimo cha muda ule ila hiki. Dirisha la dawa lilikuwa mbele yangu. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliitwa, akaelezwa dawa, akauliza maswali, akaelezwa tena, akazifunga kwenye kanga, akaondoka. Mzee mmoja akasogea mahali pake. Alipotoa mkono kupokea dawa zake, wa Juu akalegea begani kwangu, uzito ukabadilika. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi nusu. Nikamwita jina, jina lao, na aliyeitika ni wangu, kitandani.

Nikamnyanyua wa Juu, nikaingia naye maabara nikipita foleni. Mtu akasema, "Mama, na sisi tuna wagonjwa!"

"Dada," nikamwambia yule wa maabara, "karatasi zimepishana. Ulianza na huyu. Karatasi namba moja ndiyo iliyokuwa juu mezani, na namba moja ni yule aliyelia."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Una uhakika, mama?"

"Sina."

Nilidhani atanifukuza. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akavuta glavu mpya. "Basi turudie wote wawili."

Hakubisha wala hakutafuta wa kumtupia. Alichukua matone mapya, akaandika majibu kwenye kiganja cha glavu yake kwanza, mbele yangu, kabla ya kugusa karatasi yoyote. Wangu alimng'ata. Namba ya wangu ilikuwa chini. Namba ya wa Juu ilikuwa juu, na ilikuwa imepanda kuliko ya mwanzo. Daktari akaitwa mbio. Mambo yote yaliyofanywa kwa mmoja sasa yakafanywa kwa mwingine. Daktari akaniambia mtoto aliyezidiwa mara nyingi halii, hana nguvu ya kulia, na kwamba kelele za wangu zilikuwa dalili njema. Nikafikiri, adabu yote ile niliyokuwa naisifu tangu asubuhi, ile ya kukaa na kunyamaza na kutoa kidole, haikuwa adabu.

Dada wa maabara alikuja mpaka mlangoni gari lilipofika. Akasema, "Asante, mama." Akataka kuongeza kitu, asiongeze, akarudi ndani kwa watu wake. Ningependa anayesoma asimlaumu. Alikuwa peke yake, na mimi niliiona ile karatasi sawa na yeye.

Dereva aliniruhusu kupanda na wote wawili. Wa Juu alilazwa, nesi ameshika chupa ya maji, wangu akakaa mapajani kwangu, homa imeanza kumshuka, anauliza kwa nini king'ora hakilii. Tulipovuka daraja la Pangani pale Old Korogwe, nesi akamchoma wa Juu kidole tena kuangalia sukari. Akasema imepanda. Akasema, "Tumewahi." Nikageuza uso dirishani.

Dada, niliyempigia kwa simu ya nesi, alitukuta hospitali, ametoka Kwamndolwa mbio, kanga moja kiunoni na nyingine mkononi, viatu visivyofanana. Walikuwa wameshamwekea mtoto wake damu. Mchana kutwa walikuwa wakija kumtoa tone na kuangalia ile namba. Alasiri namba ilianza kushuka. Dada hakuwa anaelewa namba, lakini alijifunza kuangalia nyusi za nesi. Asubuhi yake wa Juu aliomba uji, na alipopewa akasema hauna sukari ya kutosha, kwa sauti, mbele ya watu. Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje.

Wodini dada alikuwa anamwambia kila anayekuja, "Mwenzangu huyu ndiye ameniokolea mtoto. Angekuwa mwingine angejali wake tu." Wanawake wa vitanda vya jirani walinishika mkono. Mmoja alinipa chungwa. Nililibeba lile chungwa siku mbili bila kulimenya.

Siku tuliyoruhusiwa, tukiwa tumekaa kivulini nje ya wodi tukingoja mume wetu alete pikipiki, nikamwambia. Nilimwambia vyote, mpaka yule mama mwenye mtoto mchanga na yule mzee wa dirishani.

Alimfunika wa Juu kanga vizuri. Kisha akauliza, "Huyo mama aliuliza maswali mangapi?"

"Mawili. Labda matatu."

"Na mzee alikuwa ameshapewa dawa?"

"Alikuwa amenyoosha mkono."

Akaitazama njia. "Ungekaa nalo tu," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshafurahi."

Huwa nafikiri alikuwa na haki ya kuambiwa. Huwa nafikiri pia nilitaka kuutua mzigo, na nikamtwisha yeye akiwa na mtoto mgonjwa mikononi. Sijui ipi inazidi.

Tuliporudi Sindeni hakushuka kwangu siku nane. Mama mkwe aliona. "Huko juu kuna nini, mbona moshi tu ndio unaokuja kunisalimu?" aliuliza. Dada akamjibu kwa heshima kwamba ana kazi. Wasichana walipanda na kushuka kama kawaida.

Siku ya kurudi kituoni kupimwa tena ilipofika, nilidhani atakwenda na wake na mimi nitafuata na wangu. Asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni, amevaa, wa Juu mkononi. Akasema, "Twende pamoja. Hawa wakienda mbalimbali ndiyo watachanganywa zaidi."

Mapokezi yule baba alitutambua. "Wajina! Leo nani wa kwanza?"

Dada akasema, "Baba, shikamoo. Leo kila karatasi andika na jina la mama yake." Akataja lake, akataja langu. Baba akaandika, akapigia mstari chini.

Kule maabara, dada wa kisindano akauliza tuanze na nani. Wangu alikuwa ameshaanza kulia. Mke mwenzangu akamkalisha wangu mapajani mwake, akamshika mikono yote miwili, hodari kuliko mimi ninavyomshika. Kisha akachukua zile karatasi mezani akanipa.

"Wewe simama hapa uzishike," akasema. "Wewe ndiye unayeona."

Nimeliandika lile neno kama alivyolisema. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Nyumbani nimelisoma mara nyingi, siku nyingine nalisikia kama sifa, siku nyingine nalisikia kama kofi, na nimeamua kutomuuliza.

Nikasimama na karatasi. Kabla ya kila tone nilisoma jina la mama kwa sauti, langu, lake, mpaka dada wa maabara akacheka akasema, "Mama, nimeelewa." Namba za wote wawili zilikuwa chini. Wa Juu, safari hii, alipochomwa alilia.